Bima ya Paa dhidi ya Kimbunga (Florida)

Bima ya nyumba katika jimbo la Florida, Marekani, kwa kawaida hulipia paa lililoezuliwa na upepo, lakini kinga hiyo ni finyu kuliko wengi wanavyodhani. Hasara ya kimbunga ina sehemu anayoibeba mwenye nyumba kwanza, mara nyingi asilimia 2 ya kiwango cha bima ya jengo: kwa nyumba iliyokatiwa bima ya dola 300,000, hizo ni dola 6,000, na matengenezo madogo ya paa huishia humo humo. Watetezi wa utaratibu huu, wanaosema unazikinga kampuni zisifilisike, hukumbusha kimbunga Andrew cha 1992, kilichofilisi kampuni kadhaa za bima. Hoja hiyo ina uzito, kwani kampuni iliyofilisika haimfidii mteja ipasavyo. Hata hivyo, paa lisilotengenezwa kwa kukosa fedha huezuliwa kirahisi na dhoruba inayofuata, na hasara ya pili huwaumiza mteja na kampuni pia.