Wembe wa Kunoa

Mtu akitumwa dukani leo kununua wembe, atarudi na kipande chembamba cha chuma chenye makali pande mbili, kimefungwa kwenye karatasi. Huo ni mtindo wa Mmarekani King C. Gillette, aliyepewa hataza yake mwaka 1904: tumia hadi uwe butu, kisha tupa. Wembe uliotangulia huo ulikuwa bapa la chuma lenye mgongo mnene na makali upande mmoja, linalojikunja ndani ya mpini wake. Haujafa. Solingen nchini Ujerumani na Thiers nchini Ufaransa bado wanaufua, na wanaotaka kujifunza kuutumia hawajaisha. Ila katika Kiswahili cha leo hauna jina lake peke yake.

Wazungu nao hawakubaliani. Kwa Kiingereza huitwa wembe ulionyooka au, kwa kutishana, mkata koo. Wajerumani husema kisu cha kunyolea. Wafaransa huutania kwa kuuita mkata kabichi. Hakuna hata moja la kumsaidia anayeanza. Wengi wetu tungekimbilia “wembe wa kukunja”, lakini upo wembe mwingine wa umbo hilohilo, nao hukunjwa, ila huchomekwa nusu ya wembe wa dukani. Vinyozi wanaupenda kwa sababu kila mteja hupata makali mapya, na hilo ni la lazima: virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini huweza kupita kwenye wembe wa kuchangia.

Kinachotenganisha nyembe hizi mbili, basi, ni makali yanatoka wapi. Napendekeza huu wa pili tuuite wembe wa kuchomeka, na ule wa kale wembe wa kunoa. Jina hilo humwambia mnunuzi mapema kwamba bapa pekee halitoshi.

Kunoa kwenyewe ni kazi mbili. Ya kwanza ni ya kinoo. Mawe haya huhesabiwa kwa namba kama msasa: namba 1000 hujenga makali, namba 8000 huyalainisha. Wembe hulazwa bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo ndio unaopanga pembe. Anayezoea kisu cha jikoni huinua mgongo na kuharibu kila kitu. Kazi hii huja mara chache kwa mwaka, na mgeni afadhali anunue wembe ambao fundi ameshaunoa.

Kazi ya pili ni ya ukanda wa ngozi, na hufanywa kila mara kabla ya kunyoa. Ngozi haiondoi chuma kama jiwe. Huyarudisha makali kwenye mstari. Kwenye jiwe makali hutangulia, kwenye ngozi mgongo hutangulia. Ukikosea, utakata ukanda. Unapogeuza wembe mwisho wa ukanda, ugeuzie mgongoni.

Kunyoa sasa. Ndevu kavu ni ngumu, kwa hiyo osha uso kwa maji ya moto na upake povu jingi. Ulaze wembe uwe kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi: ukiulaza mno huvuta ndevu, ukiuinua mno hukata uso. Anzia shavuni, penye uwanda; kidevu na juu ya mdomo vingoje mkono uzoee. Usiuburute kwa ubavu hata kidogo, maana hapo hukata nyama kama kisu. Ukijikwaruza, shabu iliyoloweshwa hufunga damu.

Wenye ndevu za kujikunja, yaani wengi wetu, wana tahadhari ya ziada. Unywele uliokatwa chini ya usawa wa ngozi hujipinda na kuchoma nyama ukiwa ndani, na hapo ndipo vipele vya kidevuni huzaliwa. Wembe huu unahitaji ngozi iliyovutwa, na kuivuta sana ndiko kunakoruhusu unywele ukatike chini kiasi hicho. Vuta kiasi cha kuondoa mikunjo tu, fuata ndevu zinakoelekea, pita mara moja, uridhike na kivuli kinachobaki. Ambaye tayari ana vipele vingi aahirishe.

Ukimaliza, ukaushe wembe hadi kwenye pini ya mpini. Wa chuma cha kawaida hushika kutu upesi, na hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa huharakisha. Tone la mafuta ya cherehani latosha.

Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha wembe unaokunjwa, muulize ni wa kunoa au wa kuchomeka. Akisema wa kunoa, muulize pia umeshanolewa na nani, kisha uhesabu bei ya ukanda kabla ya kutoa pesa.