Asili na Maana za Neno la Kiingereza “Gully”

Neno la Kiingereza “gully” lina maana ya korongo, yaani mfereji uliochimbwa ardhini na maji ya mvua. Lilianza kuandikwa katika karne ya 16, na kwa kawaida huhusishwa na “gullet”, yaani koo, neno lililotoka katika Kifaransa cha Kale na ambalo mzizi wake ni “gula” la Kilatini. Kwa mtazamo huo, korongo ni koo la ardhi linalomeza maji.

Hata hivyo, umbo moja si ushahidi wa asili moja. Katika Kiingereza cha Uhindi, “gully” ni kichochoro, nalo limetokana na “gali” la Kihindi. Njia ya maji na njia ya watu hufanana kwa sura, hivyo ni rahisi kuyadhania maneno hayo kuwa ndugu. Anayetegemea sauti na sura peke yake hupotoka. Historia ya matumizi ndiyo huamua.

Ushahidi wa aina hiyo unapatikana Olduvai, Tanzania. Mwaka 1959, Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus katika eneo liitwalo FLK, ufupisho wa “Frida Leakey Korongo”. Watafiti hao walikuwa na “gully” katika lugha yao, lakini waliyapa makorongo ya huko jina la Kiswahili. Hapa ukopaji haukisiwi kwa mfanano wa sauti. Umo ndani ya kumbukumbu za utafiti wenyewe.