Maji yenye floraidi: kuchemsha hakusaidii, mfupa wa ng'ombe unasaidia

Ukipita vijiji vya Arumeru, chini ya Mlima Meru, utakutana na watu wengi wenye meno ya kahawia tangu utotoni. Si uvivu wa kupiga mswaki. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye chemchemi na visima.

Ikiwa kidogo hulinda meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi, huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hukaza viungo na kupindisha miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri isivuke miligramu 1.5 kwa lita, lakini sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia hadi Tanzania, zinavuka. Kuna wakati Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 vijijini, kwa sababu tu maji mengine hayakuwepo.

Sasa, kosa la majumbani ni kuchemsha ukidhani umemaliza. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki palepale, yaani unaikoleza. Kitambaa nacho hakisaidii, wala mkaa wa jikoni.

Kwa nini mfupa?

Meno na mifupa vimejengwa kwa madini ya aina moja, yenye kalisi na fosfeti. Floraidi ikiyakuta inang'ang'ania humo. Ndicho kinachotuumiza, na ndicho wataalamu walichokigeuza kuwa dawa: acha ing'ang'anie mfupa wa ng'ombe kwenye ndoo kabla haijaufikia wako.

Kazi hii imefanyiwa utafiti miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, Arusha, na nchini Kenya Dayosisi Katoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya namna hiyo. Mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwa nyuzi joto kati ya 400 na 600 hivi, kisha husagwa kuwa chenga na kuoshwa. Ugumu uko kwenye moto. Ukiwa mdogo, mafuta hubaki na maji yananuka. Ukizidi, mfupa unapoteza uwezo wa kunasa. Kwa hiyo usijaribu kwenye jiko la nyumbani.

Vipi vitu vingine vya asili? Kitosani, inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, hunasa vizuri metali kama risasi na shaba, pamoja na rangi za viwandani. Kwa floraidi ni dhaifu mpaka ichanganywe na metali kama alumini. Zeolaiti, jiwe la volkano lenye vitundu vidogo, ina chaji hasi sawa na floraidi, hivyo vinasukumana. Hakuna kichujio kimoja cha kila uchafu, hata muuzaji akiapa.

Kumbuka pia kwamba mkaa wa mifupa unajaa. Siku ukijaa, maji yatapita na floraidi yake, na hutajua, kwa sababu haina rangi, ladha wala harufu. Muulize anayekuuzia kichujio mambo mawili: chenga zinabadilishwa baada ya lita ngapi, na maji yanapimwa wapi. Akikosa jibu, usimpe hela.

Kama huna kichujio, maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Yakiwa machache, wape kwanza watoto wa chini ya miaka minane, maana meno yao ya ukubwani bado yanajengwa. Wao pia bado yawachemshie, vijidudu havijali floraidi.

Na kama mnapika maharage au makande kwa magadi, angalieni hapo. Magadi ya kuokota kaskazini mwa Tanzania huwa na floraidi nyingi, kwa hiyo unaweza kuchuja maji vizuri kisha ukairudisha kwenye sufuria.