Tarakilishi bila programu, kwenye kona ya duka la maziwa

Ukimtajia Mkenya "milk bar", atawaza kile kibanda cha mtaani chenye maziwa ya kupima, mala baridi na pengine mandazi ya jana. Mimi pia. Ndiyo maana niliposoma kumbukumbu za wazee wa Australia wakisimulia jinsi utoto wao ulivyoishia ndani ya milk bar wakicheza pinboli, nilicheka kwanza. Mala na gemu? Halafu nikazama, na usingizi ukaniruka.

Baa ya maziwa ya kule ina historia yake. Mnamo Novemba 1932 mhamiaji Mgiriki aliyezaliwa Joachim Tavlaridis, ila wateja walimjua kama Mick Adams, alifungua duka Martin Place, Sydney. Alikuwa ametembelea Marekani na kuona kaunta za soda, akarudi na wazo jepesi: viti vichache, maziwa yaliyopigwa na kutiwa ladha, bei moja ya peni nne. Bei hiyo aliitia hadi kwenye jina la duka! Wengi wakamwiga, wakiwemo Wagiriki wenzake, na kabla mwongo huo haujaisha Uingereza nayo ilikuwa na baa zake. Baadaye kona ya duka ikapata mashine, na watoto wakapata sababu ya kukaa.

Sasa nije kwenye mashine, maana hapa ndipo roho ya mwanaprogramu inapowashwa. Pinboli ni meza yenye mteremko, kioo juu, na mpira wa chuma unaorushwa kwa springi. Mwanzoni ulikuwa unautazama tu ukishuka. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ilitoa Humpty Dumpty, yenye flipa sita, yaani vile vikono vya kurudisha mpira juu, na mchezo wa bahati ukawa mchezo wa ufundi.

Na hesabu ilifanyika wapi? Ndani ya mashine za miaka ya 1950 na 1960 hakuna chipu hata moja. Kuna rilei, koili, swichi na nyaya nyingi za kukutia kizunguzungu. Ukipata pointi 50, haziingii kwa mkupuo. Mota ndogo inazunguka na kugonga swichi mara tano, kumi kumi: tak, tak, tak, tak, tak. Jamani, hicho ni kitanzi cha programu, ila kimeandikwa kwa chuma! Mtoto aliyesimama nyuma akinywa maziwa aliweza kusikia hesabu ikifanyika. Ukishinda mchezo wa bure, nyundo ndogo iligonga ubao kwa kishindo na duka zima likageuka.

Hata ulinzi ulikuwa wa chuma. Ukiitikisa meza kupita kiasi, uzito unaoning'inia ndani ya pete unaigusa pete, umeme unapita, flipa zinakufa na mpira wako umekwenda. Sijawahi kuandika msimbo wa kukagua makosa uliokuwa mfupi hivyo.

Si kila mtu alifurahi. New York chini ya meya Fiorello La Guardia ilipiga pinboli marufuku mwaka 1942, ikidaiwa ni kamari inayokomba sarafu za wanafunzi, na mashine zikavunjwa kwa nyundo. Kusema kweli simlaumu sana, kwani flipa zilikuwa bado. Lakini marufuku ilidumu hadi 1976, miaka 29 baada ya Humpty Dumpty, na hapo sina la kumtetea mtu. Mwaka huo mwandishi Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani. Alitangaza kwamba mpira utapita njia ya katikati, akavuta springi, ukapita. Marufuku ikafutwa.

Wakati huohuo chipu zilikuwa mlangoni. Kuanzia 1977 mashine za Bally zilitumia Motorola 6800, kwa kasi isiyofika hata megahezi moja, na nambari zinazozunguka zikawa tarakimu za taa. Mwaka 1978 ikaja Space Invaders ya Tomohiro Nishikado. Wavamizi wakipungua, mashine inapungukiwa na kazi ya kuchora, hivyo waliobaki wanakimbia zaidi. Lilikuwa tokeo la udhaifu wa maunzi, naye akaliacha. Skrini zikaanza kusukuma pinboli nje ya kona yake.

Halafu gemu zikahamia nyumbani, na supamaketi zikachukua maziwa. Duka lililoishi kwa glasi na sarafu halikuwa na pa kushika. Ninachowaonea wivu wale wazee si mashine peke yake. Ni kule kucheza mbele ya mwenye duka anayejua jina la mama yako. Baa ya Olympia kule Stanmore, Sydney, ilijikongoja hadi 2018, kisha nayo ikafungwa.

Kama kuna msomaji mwenye mashine ya zamani ya rilei popote Nairobi, hata iliyokufa, anialike niifungue. Nitakuja na bisibisi, kipima umeme na lita mbili za mala.