Rhodes: tutembee ndani ya kartie walipotoka Wayahudi wa Lubumbashi

Kama umeshafika Lubumbashi, labda umepita mbele ya sinagogi, nyumba ya sala ya Wayahudi (wengine tunasema Wayuda), iliyojengwa karibu mwaka 1930 wakati muji ulikuwa unaitwa bado Elisabethville. Watu wengi wanapita pale bila kujiuliza: wale Wayahudi wa Katanga walitoka wapi? Wengi hawakutoka Yerusalemu. Walitoka kisiwa kimoja cha bahari ya Mediterania, jina lake Rhodes, ambacho leo ni sehemu ya inchi ya Ugriki.

Musichanganye na Rhodesia. Rhodesia, ambayo leo ni Zambia na Zimbabwe, ilipewa jina la Muingereza Cecil Rhodes. Ila mambo ya maisha yana mchezo wake: Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walipitia kule Rhodesia mbele ya kuingia Katanga.

Ndani ya muji wa zamani wa Rhodes, kartie yao iko mpaka leo, na watalii wanaitembelea kila mwaka pamoja na waongozaji. Ni ndogo: kwa miguu, na kusimama fasi kwa fasi, inatosha saa mbili hivi. Tutembee basi, kituo kwa kituo. Kila kituo kina neno la kutuambia, hata sisi wa huku mashariki mwa Kongo.

Mbele ya kuanza: historia kwa kifupi

Wayahudi waliishi Rhodes tangu zamani sana. Katika karne ya 12, musafiri Benjamin wa Tudela alipita kisiwani na akaandika kwamba alikuta Wayahudi karibu 400.

Kuanzia mwaka 1309 kisiwa kilitawaliwa na Mashujaa wa Mutakatifu Yohane, wanajeshi wakristo waliojenga kuta kubwa zinazozunguka muji mpaka leo. Mwaka 1480 Waturuki walipozunguka muji, sehemu ya ukuta waliyoipiga zaidi ilikuwa ile ya kartie ya Wayahudi, na Wayahudi wenyewe walisaidia kuulinda muji. Hiyo haikuwaokoa. Karibu mwaka 1502 Mashujaa waliwaambia wachague: kubatizwa ao kuondoka.

Mwaka 1522 Waturuki wa Ottoman waliteka kisiwa, na mambo yakabadilika. Wayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492 walikaribishwa ndani ya utawala wao, na wengi walikuja kukaa Rhodes. Walikuja na luga yao, Kiladino, ni kusema Kihispania cha zamani kilichochanganywa na Kiebrania na, kisha, Kituruki. Waliishi pale miaka karibu 400 chini ya Ottoman. Mwaka 1912 Waitalia walichukua kisiwa.

Kituo cha 1: Mulango wa Bahari

Tunaingia kupitia mulango mukubwa wa ukuta, upande wa bandari. Ndani kidogo tunakuta uwanja wa Hippocrates, na chemchemi yake katikati. Huku maduka ni mengi, watalii wanapiga kelele, mikahawa imeweka meza inje. Tunakamata barabara ya Aristotelous, tunaelekea mashariki. Ukitembea polepole utasikia kelele zinaanza kupunguka.

Angalia kuta. Tangu mwaka 1988 muji huu wote wa ndani umeandikwa na UNESCO kati ya urithi wa dunia. Hakuna anayeweza kubomoa na kujenga etaje kama anavyotaka. Njo maana kartie imebaki na sura yake.

Kituo cha 2: Uwanja wa Mashahidi Wayahudi

Barabara inafikia uwanja wenye miti na chemchemi ya farasi wa bahari watatu wa shaba nyeusi. Watoto wanacheza karibu na maji, watalii wanapiga picha. Mbele ya vita, hapa palikuwa moyo wa kartie. Wayahudi waliita njia hii Calle Ancha, yaani barabara pana: maduka, soko, wazee wanaongea, vijana wanapita kutazamana.

Lakini kando ya miti kuna jiwe jeusi lililosimama, lenye maandishi kwa luga mbalimbali, kati yao Kiladino, Kigriki, Kiebrania na Kifaransa. Linakumbusha Wayahudi 1,604 wa Rhodes na wa kisiwa jirani cha Kos waliouawa ndani ya kambi za Wanazi. Jina la uwanja linatoka pale.

Hapa waongozaji husimama muda murefu, na sisi tusimame.

Taabu haikuanza siku moja. Mwaka 1938 serkali ya Mussolini ilitoa sheria za kubagua Wayahudi. Watoto wao walifukuzwa masomoni. Chuo cha kutayarisha marabi, kilichofunguliwa Rhodes mwaka 1928, kilifungwa. Wengi waliondoka. Walikuwa wamefikia karibu watu 4,000. Mwaka 1944 walibaki chini ya 2,000.

Mwezi wa 9 mwaka 1943 Italia iliacha vita, Wajerumani wakakamata kisiwa. Mwezi wa 7 mwaka 1944 wanaume Wayahudi waliitwa wafike na vitambulisho vyao, kama vile ni mambo ya kazi. Kisha wanawake, watoto na wazee nao waliamuriwa wafike, na vitu vyao vya samani. Wote wakafungiwa ndani. Tarehe 23 mwezi wa 7 walipelekwa bandarini kwa miguu na kupakiwa ndani ya mashua za mizigo. Walipita Kos, wakafika Athens, kisha wakapandishwa treni. Waliingia Auschwitz, inchini Poland, tarehe 16 mwezi wa 8: safari ya zaidi ya majuma matatu. Kati ya zaidi ya watu 1,700, waliorudi wazima walikuwa karibu 150.

Kulikuwa mutu mumoja aliyesema hapana. Konsul wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alienda kwa mukubwa wa jeshi la Wajerumani na kudai waachilie Wayahudi wenye uraia wa Uturuki pamoja na jamaa zao. Aliokoa watu karibu 40 na zaidi. Mwaka 1989 Israeli ilimupatia heshima ya wale wanaoitwa Wenye Haki kati ya Mataifa. Hakuwa na bunduki wala askari. Alikuwa na makaratasi, na mudomo wa kuyatetea.

Kituo cha 3: Vijia na matao

Tunaacha uwanja, tunaingia kusini ndani ya vijia vyembamba. Chini kumepangwa mawe madogo ya baharini, yamesimamishwa moja moja. Juu ya kichwa kuna matao ya mawe yanayounganisha nyumba ya huku na ya ngambo: yanasaidia kuta zishikamane wakati inchi inatetemeka. Wakaaji wa Goma na Bukavu wataelewa haraka.

Nyumba nyingi zimejengwa kuzunguka lupango ndogo, yenye kisima ao muti. Familia kadhaa zilishiriki lupango moja: wamama walipika pale, walifua pale, waliimba Kiladino pale. Leo ndani ya nyumba hizo kunakaa Wagriki, na nyingine zimekuwa hoteli ndogo. Nyuma ya vita wachache sana waliorudi walikuta watu wengine ndani ya mayumba yao. Huku kwetu, mutu aliyekimbia na ufunguo mufukoni anajua maana ya hilo.

Kituo cha 4: Sinagogi ya Kahal Shalom

Kwenye kijia cha Dossiadou tunafika mulango usiokuwa na majivuno. Ni Kahal Shalom, maana yake Kusanyiko la Amani. Kwenye chemchemi ya uwanja wake wa ndani, maandishi ya Kiebrania yanataja mwezi wa Kislev wa mwaka 5338 kwa hesabu ya Wayahudi, yaani 1577 kwa hesabu yetu. Ni sinagogi ya zamani kuliko zote zinazotumika bado katika Ugriki.

Ndani, kitu cha kwanza kinachovuta macho ni sakafu: mawe madogo meupe na meusi yaliyopangwa kwa maua, kazi ya mukono yenye subira. Katikati kuna jukwaa ambapo wanasoma Torati, watu wanakaa kuzunguka. Upande wa mashariki kuna mulango wa kwenda uwanjani, na kabati mbili za kutunza Torati, moja kila upande wa mulango. Kwa kawaida sinagogi ina kabati moja tu.

Zamani wanawake walisali ndani ya vyumba vya pembeni, wakifuata ibada kupitia matundu yenye pazia. Ni katika miaka ya 1930 ndipo walijengewa roshani ya juu.

Ukutani kumeandikwa majina ya familia za waliouawa. Soma taratibu: Alhadeff, Amato, Benatar, Capelluto, Franco, Hasson, Israel, Levy, Soriano. Wazee wa Katanga watashituka, sababu kadhaa kati ya majina haya waliyasikia kwenye biashara za Kongo.

Leo Wayahudi wanaoishi Rhodes ni makumi machache tu. Lakini wakati wa jua kali wajukuu wanafika kutoka Marekani, Afrika Kusini, Ubelgiji na Israeli, wanafunga ndoa pale ao wanasalisha vijana wao, na Kahal Shalom inajaa tena.

Kituo cha 5: Nyumba ya makumbusho

Vile vyumba vya zamani vya wanawake vimekuwa nyumba ya makumbusho. Aliyeianzisha mwaka 1997 ni Aron Hasson, mwanasheria wa Los Angeles ambaye wazee wake walitoka Rhodes. Ndani kuna picha za harusi, nguo, barua, vitabu vya sala. Kuna pia picha za waliohama: New York, Buenos Aires, Rhodesia, Kongo. Hapa hakuna dhahabu. Kuna karatasi ambazo familia zilitunza ndani ya sanduku, kisha mutu mumoja akaziomba na kuzikusanya.

Kituo cha 6: Pale palipobaki ukuta tu

Si mbali na pale kulikuwa sinagogi kubwa zaidi, Kahal Grande. Mabomu ya vita yaliivunja. Karibu nayo kulikuwa masomo ya Alliance israélite universelle, shirika lililoundwa Paris mwaka 1860. Masomo hayo yalianza Rhodes mwanzoni mwa karne ya 20 na kufundisha watoto Kifaransa. Weka neno hilo akilini: Kifaransa kile njo kitawafungulia mulango wa Kongo.

Tukiendelea na barabara ya Pindarou tunakuta magofu ya kanisa la Mama Maria lililojengwa na Mashujaa, kisha mulango wa ukuta. Inje ni bahari.

Kituo cha 7: Bandari, na njia ya Kongo

Kutoka bandari ya Rhodes watu waliondoka kwa namna mbili. Wa kwanza waliondoka wenyewe, juu ya umaskini. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa kiume walisikia habari za shaba na reli kusini mwa Afrika. Walianza Rhodesia kwa maduka madogo. Mwaka 1910 treni ilifika Elisabethville, na wao wakafuata. Kaka alimuita mudogo wake, kisha wakaagiza mabibi kutoka kisiwani. Mbele ya uhuru, Wayahudi wa Kongo nzima walikuwa karibu 2,500, wengi wao wenye asili ya Rhodes.

Rabi wao, Moïse Levy, alisomea kwenye chuo kile cha Rhodes. Alifika Elisabethville mwaka 1937 na alifanya kazi yake katika inchi yetu mpaka mwaka 1991. Nissim Soriano, babake Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, naye alikuwa Muyahudi wa Rhodes.

Wa pili walipelekwa kwa nguvu, na tumeshasema kilichowapata. Sami Modiano, aliyezaliwa Rhodes mwaka 1930, alifukuzwa masomoni kwa sheria za 1938 na alipelekwa Auschwitz akiwa na miaka 14. Baba na dada yake walifia kule. Nyuma ya vita alikuja kuishi Kongo kwa miaka mingi. Baadaye alikuwa akirudi Rhodes kukaa ndani ya Kahal Shalom na kueleza wageni yaliyotokea.

Basi Kongo iliokoa watu bila kujua. Kijana aliyeondoka kwa sababu hakukuwa kazi, njo aliyebaki hai. Mwenye kazi nzuri na nyumba nzuri njo aliyekutwa.

Nyuma ya uhuru, vurugu za Katanga, kisha Zairianisation ya mwaka 1973, wengi wa Wayahudi wa Kongo nao walihama, wakaenda Ubelgiji, Afrika Kusini na Israeli.

Kwa anayepata nafasi ya kufika

Sinagogi na makumbusho hufungwa siku ya Posho, sabato ya Wayahudi, na hufunguliwa zaidi wakati wa watalii. Vaa nguo inayofunika mabega. Mwanaume afunike kichwa. Vaa viatu vya chini, sababu mawe yanateleza. Kwenye jiwe jeusi la uwanja, usikalie wala kuegemea kwa kupiga picha.

Kwa asiyepata nafasi, na ndio sisi wengi, kuna kazi moja inayowezekana hapa hapa. Kartie ya Rhodes inasomeka leo sababu mutu aliandika majina na mwengine akatunza picha. Katika avenue yako, uliza wazee: nani alikuwa anakaa hapa mbele ya vita? Waliitwa nani? Andika.