Holland-Dozier-Holland: Nyimbo zilizozaliwa na hesabu

Leo siasa naziweka pembeni, nataka tuongelee muziki na pesa. Lakini kwanza kisa kifupi.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mshikaji niliyekuwa naye chumba kimoja hosteli aliuza wimbo kwa shilingi elfu thelathini na sahani ya chipsi mayai. Mashairi yake, melodi yake, kiitikio chake. Aliyeununua aliurekodi na ukatoka. Miezi michache baadaye tuko kwenye daladala tunatoka Mwenge, wimbo ukapigwa, konda akaongeza sauti. Dada mmoja pembeni yetu akasema, "Huyu kaka anajua kutunga." Mshikaji wangu akaangalia dirishani. Sijaisahau ile sura.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za jamaa watatu wa Detroit, Marekani, sikuwasoma kama mpenzi wa muziki wa zamani tu. Nilikuwa namtafuta mshikaji wangu humo ndani.

Majina yao ni Brian Holland, kaka yake Eddie Holland, na Lamont Dozier. Hata kama majina hayakupi picha, nyimbo zao lazima umezisikia. Wao ndio waliowapa The Supremes na Four Tops vibao vyao vikubwa katika miaka ya 1960.

Tuanzie kwenye nyumba. Mwaka 1959 Berry Gordy, aliyewahi kufanya kazi kiwandani kwenye mstari wa kuunganisha magari, alikopa dola 800 kwenye mfuko wa akiba wa familia yake, mambo ya vikoba tunavyovijua sisi. Akaanzisha kampuni ya kurekodi iliyokuja kuitwa Motown. Ofisi na studio vilikuwa kwenye nyumba ya kawaida ya kuishi, barabara ya West Grand Boulevard. Nje akaweka bango: Hitsville U.S.A. Kujiamini huko!

Eddie Holland aliingia pale kama mwimbaji. Mwaka 1962 alikuwa na kibao kinaitwa "Jamie", kikafanya vizuri tu. Tatizo ni kwamba jukwaa hakulipenda, na tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwenye karatasi. Gharama za kurekodi zilikatwa kwenye mapato ya mwimbaji, kwa hiyo Eddie mwenye kibao alikuwa anadaiwa na kampuni. Wakati huo huo mdogo wake Brian, ambaye watu mtaani hawakumjua, alikuwa anapokea hundi. Brian alikuwa mmoja wa watunzi wa "Please Mr. Postman" ya The Marvelettes, wimbo wa kwanza wa Motown kushika namba moja kwenye chati kuu ya Marekani, mwaka 1961.

Eddie akaiangalia hundi ya mdogo wake, akaliangalia deni lake. Basi bwana, akaacha kuimba, akahamia kwenye kutunga.

Hapo ndipo timu ilipokamilika. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Brian na Lamont walitengeneza muziki na kusimamia kurekodi. Eddie alimalizia mashairi na kuwafundisha waimbaji namna ya kuyaimba. Kila wiki Gordy aliitisha kikao cha kupiga kura ni wimbo gani utoke na upi ubaki. Swali moja maarufu kwenye vikao hivyo: ukiwa na dola moja ya mwisho na una njaa, utanunua santuri hii au mkate wenye nyama? Nadhani maprodyuza wetu wangefaidika na swali hilo.

The Supremes walisajiliwa mwaka 1961, na kwa miaka mitatu pale ofisini walitaniwa kwamba ni kundi lisilo na vibao. Mwaka 1964 wakapewa "Where Did Our Love Go". Inasimuliwa kwamba The Marvelettes walikuwa wameshaukataa, na The Supremes wenyewe hawakuupenda. Ukashika namba moja. Nyimbo nne zilizofuata, zote za watatu hawa, nazo zikashika namba moja, mpaka katikati ya 1965. Tano mfululizo! Kwa jumla The Supremes walikuwa na nyimbo 12 za namba moja Marekani, na 10 kati ya hizo ni za Holland-Dozier-Holland. Kumbuka huo ndio wakati The Beatles walikuwa wameiteka Marekani nzima. Kwa Four Tops, "Reach Out I'll Be There" ya 1966 ilishika namba moja Marekani na Uingereza.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo mada yangu.

Gordy hakumiliki lebo peke yake. Alimiliki pia Jobete, kampuni ya haki za nyimbo, iliyopewa jina kutokana na majina ya watoto wake. Kufikia 1967 watatu hawa walijiona wanaibeba nyumba nzima na wakataka fungu kubwa zaidi. Gordy naye aliona yeye ndiye aliyewafanya wawe walivyo. Kasi ya kazi ikapungua, kisha ikasimama. Mwaka 1968 Motown iliwashitaki ikidai dola milioni 4. Nao wakaishitaki Motown wakidai milioni 22. Baadaye walipatana. Katikati ya kesi walianzisha lebo zao, Invictus na Hot Wax, na mwaka 1970 walitoa "Band of Gold" ya Freda Payne. Lakini mwaka 1973 Dozier naye akaondoka, akawaacha ndugu wawili.

Kwa hiyo hesabu ile ile iliyomtoa Eddie jukwaani na kukamilisha timu ndiyo iliyoivunja.

Je, walikuwa na haki ya kulalamika? Naona ndiyo, na ushahidi umo kwenye bei. Mwaka 1988 Gordy aliuza lebo ya Motown kwa dola milioni 61. Jobete akabaki nayo. Mwaka 1997 akauza nusu tu ya Jobete kwa dola milioni 132. Rudia kusoma hapo. Nusu ya haki za nyimbo ilikuwa na thamani zaidi ya mara mbili ya lebo nzima. Sauti tunaishangilia, lakini utajiri unakaa kwenye utunzi.

Lakini nisiwafanye watatu hawa malaika. Chini yao walikuwepo wapigaji wa studio walioitwa Funk Brothers, waliolipwa kwa kila kipindi cha kurekodi, na kwa miaka mingi majina yao hayakuandikwa kwenye makasha ya santuri. Mpiga besi wao James Jamerson yumo kwenye vibao vingi nilivyovitaja hapo juu. Motown iliposherehekea miaka 25 mwaka 1983, yeye alikaa juu kwenye viti vya watazamaji. Akafariki mwaka huo huo. Kwa hiyo hata anayedhulumiwa ana mtu chini yake asiyemwona.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999. Sheria ipo, ila chipsi mayai nazo zipo, na mwenye njaa hasomi vifungu.

Wiki iliyopita yule mshikaji alinipigia simu. Kuna mwimbaji mwingine anataka wimbo, na jamaa anaomba ushauri: atoze laki moja au mbili? Nikamwambia asianze na bei. Aulize kwanza jina lake litaandikwa wapi, na wimbo ukilipa kesho, yeye atapata asilimia ngapi. Akacheka, akasema nimekuwa mwanasheria siku hizi.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Hivyo vitu vinaandikwaje kwenye karatasi?"

Jumamosi tunakutana tuviandike. Naomba kutoa hoja.