Rubondo: kisiwa ambako sokwe wa vizimbani walirudi porini

Sokwe aliyekomalia ndani ya kizimba, anayepewa ndizi na mikono ya watu, anaweza kurudi porini na kujitafutia chakula? Swali hilo linawahusu wakaaji wa Katanga ya zamani kuliko wanavyofikiri. Tangu mwaka 2006, mjini Lubumbashi kuna kituo kinachoitwa J.A.C.K. ambacho kinatunza watoto wa sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara. Wengi huku wanawaita sokomutu. Jibu moja la swali hilo liko kwenye kisiwa cha Tanzania, ambako wageni wanatembezwa kwa miguu kila mwaka.

Rubondo iko wapi?

Rubondo iko kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, upande wa mkoa wa Geita. Kisiwa kina urefu wa kilometa karibu 28 toka kaskazini hadi kusini. Mbuga yote, pamoja na visiwa vidogo na maji yanayoizunguka, ina kilometa za mraba karibu 457, na karibu nusu yake ni maji. Sehemu kubwa ya inchi kavu ni msitu mzito. Kuna pia mabwawa ya mafunjo na majani kidogo.

Kwa mkaaji wa Kisenge ni safari ndefu: kuacha upande wa Angola, kuvuka Katanga yote, halafu kipande kikubwa cha Tanzania. Kutoka Mwanza wengine wanapanda ndege ndogo. Wengine wanafuata barabara mpaka ukingo wa ziwa, Nkome ao Kasenda, ndipo wanaingia mashua.

Watu waliondolewa kwanza

Rubondo haikuwa pori tupu. Wavuvi na wakulima wa kabila la Wazinza waliishi pale. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilifanya kisiwa kuwa pori la akiba, na wakaaji wakahamishwa kwenda visiwa vya jirani na inchi kavu. Mwaka 1977 kikawa mbuga ya taifa. Leo hakuna kijiji: wanaolala kule ni wafanyakazi wa mbuga, watafiti na wageni. Mtu anayesifu uzuri wa Rubondo asisahau kwamba kuna familia zilizolipa bei yake kwa kuacha mashamba na makaburi ya wazee wao.

Safina ndani ya ziwa

Wakubwa wa wakati ule walikuwa na wazo jepesi: nyama wanaotishwa na wawindaji mahali pengine waletwe kisiwani, maji yawe uzio wao. Simba na chui hawakuwepo. Shirika la wanyama la Frankfurt, Ujerumani, likiongozwa na Bernhard Grzimek, lilisaidia kazi hiyo. Wakaletwa tembo, twiga, mbega weusi kwa weupe, paa wadogo, vifaru weusi na swala wakubwa wanaoitwa korongo.

Halafu sokwe. Kati ya 1966 na 1969, sokwe 17 waliachiliwa Rubondo kwa mafungu manne. Walitoka Ulaya, kwenye bustani za wanyama na mahali pengine pa kufungiwa, na kundi la kwanza lilikuja kwa meli mpaka Dar es Salaam. Inaaminiwa kwamba walizaliwa Afrika ya Magharibi na kukamatwa wangali watoto. Wengine walikuwa wamekaa kizimbani miaka mingi. Hakuna aliyewafundisha kitu: milango ilifunguliwa, wakaingia msituni.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Baadhi yao hawakuogopa watu, walikuja kwenye makambi na kushambulia, na madume wawili wakapigwa risasi. Lakini waliobaki walijifunza kula matunda na majani ya msitu, wakarudilia kazi ya kujenga viota juu ya miti, wakazaa. Leo wajukuu na vitukuu vyao wanahesabiwa kwa makumi.

Si kila mpango ulifaulu. Vifaru walimalizwa na majangili, na korongo pia wakaisha. Maji peke yake si uzio. Bila askari wa mbuga wanaozunguka kwa mashua usiku na mchana, kisiwa kinaibiwa kama mahali pengine popote.

Mgeni anaona nini?

Hakuna kutembea hivi hivi tu. Kila mgeni anafuatana na kiongozi wa mbuga, mara nyingi na askari mwenye bunduki, juu ya tembo, viboko na mamba. Asubuhi mapema watafutaji wanaingia msituni kusikiliza kelele za sokwe na kutafuta viota walivyolalia. Kundi la wageni linafuata nyuma, pengine saa nyingi katika matope na kamba za msitu. Kuna siku wanaona sokwe, kuna siku wanaona kiota tu na maganda ya matunda. Kiongozi mwema anasema hivyo mbele ya safari.

Kanuni za kukaribia sokwe ni hizi:

- Mwenye kikohozi, mafua ao homa habaki na kundi. Sokwe anapata magonjwa ya mtu kwa urahisi, na mafua yanaweza kumuua.
- Umbali usipungue metre 10.
- Hakuna kula mbele yao, wala kuwatupia chakula.
- Wageni wanakuwa wachache, na wakati wa kuwatazama ni mfupi.

Asiyebahatika kuona sokwe harudi mikono mitupu. Mabwawani kuna nzohe, swala wa maji ambaye kwato zake ndefu zinamsaidia kutembea katika matope. Watu wa Upemba wanamjua. Kuna fisi maji, pongo, kenge na chatu. Aina za ndege zinapita 200, na tai mla-samaki wanaonekana kila upande. Kuna hata kasuku wa kijivu walionyang'anywa wafanyabiashara wa magendo na kuachiliwa hapo mwaka 2000.

Uvuvi wa biashara ni marufuku ndani ya maji ya mbuga. Sangara na tilapia wanazalia pale, halafu wanatoka kwenda kwenye nyavu za vijiji vya jirani. Hiyo ni faida ambayo mvuvi wa kisiwa cha pili anaila bila kukanyaga Rubondo.

Juu ya nini si rahisi kufanya vile kila mahali?

Rubondo ilikuwa na kitu kimoja cha bahati: hapakuwa na sokwe wengine. Katika Kongo-Brazzaville, kwenye mbuga ya Conkouati-Douli, sokwe yatima 37 waliachiliwa kati ya 1996 na 2001 katika msitu wenye sokwe wa asili. Wengi waliishi, lakini madume walishambuliwa vikali na wenye msitu, na wengine wakauawa. Leo wataalamu wanadai pia kupima magonjwa kwanza na kutochanganya sokwe wa mashariki na wale wa magharibi. Mambo hayo hayakuangaliwa mwaka 1966.

Kwa hiyo yatima wa Lubumbashi hawawezi kufunguliwa mlango tu. Sokwe anaweza kuishi zaidi ya miaka 40, na miaka hiyo yote anahitaji chakula, dawa na ulinzi. Ulinzi wenyewe si mchezo: mwezi wa Septemba 2022, watu waliingia J.A.C.K. usiku, wakaiba watoto watatu wa sokwe na kudai pesa ili wawarudishe.

Mkaaji wa Lualaba afanye nini?

Misitu ya miombo ya Kisenge na Kolwezi haina sokwe wa porini. Mtoto wa sokwe anayeuzishwa huku ametolewa mbali, kwenye misitu ya kaskazini, na karibu kila mara mama yake ameuawa ili akamatwe. Jike anazaa mara moja tu kila miaka 5 hivi; akipigwa mmoja, familia inachukua miaka mingi kujaza pengo.

Sheria ya Februari 2014 juu ya uhifadhi wa asili inakataza kumkamata, kumuuza na kumfuga. Hata anayemnunua kwa huruma anamlipa mwindaji, naye atarudi porini kutafuta mwingine. Njia nzuri ni kutonunua, na kutoa habari kwa ICCN ao kwa ofisi ya mazingira ya jimbo. Rubondo inaonyesha kwamba sokwe anaweza kurudi. Lakini ilidai kisiwa kizima, watu kuhamishwa na walinzi wa kila siku kwa zaidi ya miaka 50. Kumwacha na mama yake hakudai hata moja ya hayo.